Visu vya Mfukoni: Vikifika Vingapi Ndiyo Vingi Mno?

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana wa jumuiya yetu, baada ya taraweh)



Mtakumbuka kuwa usiku wa juzi ndugu yetu alizungumza juu ya ufugaji wa njiwa, na jana tukapata mambo ya simu na betri zake. Leo ni zamu yangu, na mada yangu ni visu vya mfukoni. Naona wengine wameshaanza kucheka. Chekeni tu, lakini msiondoke.

Kwanza tuelewane maneno. Ninaposema kisu cha mfukoni sikusudii jambia wala sime, wala kile kisu cha jikoni ambacho mama akikikosa nyumba nzima haikaliki. Nakusudia kisu cha kukunja, ambacho bapa lake linaingia ndani ya mpini, ukakitia mfukoni na usijikate. Wengi wetu tunacho kimoja, cha kumenyea embe au kufungulia boksi. Lakini wako watu duniani, na hata hapa Mombasa wako, ambao hawana kimoja. Wana arubaini. Wana mia. Wanavikusanya kama wengine wanavyokusanya stempu na sarafu za zamani. Si dhambi, na si wazimu. Kisu kizuri cha kukunja ni kazi ya ufundi: chuma, springi, bawaba na mpini, vyote vikae ndani ya kiganja na vifanye kazi miaka hamsini. Mimi nasomea uhandisi wa mitambo chuoni, na nawaambia kweli, kufungua kisu kilichotengenezwa sawasawa na kusikia ule mlio wake ni raha.

Suala langu ni moja tu. Vikifika vingapi ndiyo vimekuwa vingi mno?

Mtu akikusanya magari, majirani watamwambia. Akikusanya makochi, mkewe atamwambia, manake hakuna pa kupita. (Sitaji mitandio na mabuibui, nataka kurudi nyumbani salama.) Lakini visu mia moja vya mfukoni vinaingia katika boksi la viatu na kifuniko kikafunga. Hakuna anayejikwaa navyo. Hakuna anayeuliza. Kwa hivyo kipimo cha nafasi, ambacho ndicho kipimo cha watu wengi, hapa hakifai kitu. Lazima tutafute kingine.

Na wenye viwanda wanajua hivyo. Hebu tutazame wanavyofanya kazi. Kule Uswisi, mwaka 1884, bwana mmoja aitwaye Karl Elsener alifungua karakana yake kijijini Ibach. Mwaka 1891 akapeleka visu kwa jeshi la nchi yake, na mwaka 1897 akasajili kile kisu cha maofisa ambacho leo kila mtu anakijua, chenye mabapa, bisibisi na kifungulia chupa, kilichozaa vile vyekundu vyenye msalaba mweupe. Kampuni yake ndiyo leo inaitwa Victorinox: Victoria ni jina la mama yake, na inox ni neno la Kifaransa la chuma kisichoshika kutu. Sasa kisu hicho kingeweza kuwa cha namna moja, mtu akanunua akatosheka. Lakini kipo kifupi cha milimita 58, kipo cha 84, kipo cha 91, kipo cha 111, na kila kipimo kina namna zake, na kila namna ina rangi zake, na juu yake kuna matoleo maalum yanayotoka kisha yasirudi tena. Mwenye kutaka kuvimaliza hatavimaliza. Mlango wa mwisho haupo.

Ndugu zangu, Mfaransa alifanya jambo tofauti na mimi hulipenda sana. Joseph Opinel wa Savoie alianza kutengeneza visu mwaka 1890. Kisu chake ni rahisi: mpini wa mti, bapa moja, basi. Alivipanga kwa namba, kuanzia 1 hadi 12. Namba 2 ina bapa la sentimita tatu na nusu, namba 8 sentimita nane na nusu, namba 12 sentimita kumi na mbili. Ikafika miaka ya 1930 kampuni ikatazama orodha yake ikaona namba 1 ni ndogo mno, haina kazi ya maana, na namba 11 imebanwa baina ya 10 na 12, haina tofauti ya kutosha. Wakaziondoa zote mbili. Basi kama mwenye kiwanda, ambaye anapata faida kwa kila kisu, aliweza kuangalia safu yake mwenyewe na kusema hiki hakina kazi, itakuwaje mnunuzi ashindwe?

Wako pia waliokwenda upande mwingine kabisa. Mji wa Sheffield, Uingereza, ulisifika kwa visu miaka mingi, na kampuni ya Joseph Rodgers & Sons ya huko ilitengeneza mwaka 1822 kisu chenye mabapa 1822, kisha kikawa kinaongezewa kadiri miaka ilivyokwenda. Kwa maonyesho makubwa ya London ya mwaka 1851 wakatoa kingine chenye mabapa 75. Na karibuni zaidi, mwaka 2006, kampuni ya Wenger ya Uswisi ilitoa kisu chenye vifaa 87, kizito kupita kilo moja. Kinaitwa kisu cha mfukoni, lakini mfuko wake haujashonwa. Vitu hivi vilitengenezwa ili watu washangae, na watu walishangaa, kazi ikaisha. Hakuna aliyemenyea chungwa kwa kile cha mabapa 1822. Mkusanyiko wa visu nao unaweza kufika hapo, ukawa wa kushangaza tu, hata mwenyewe akawa mgeni wake.

Sasa nije karibu. Mjomba wangu alikuwa baharia, alifanya kazi katika meli za mizigo za kigeni zaidi ya miaka ishirini. Kisu chake cha kwanza kilikuwa cha kazi, kile cha mabaharia. Bapa lake halina ncha, limekatwa butu, kwa sababu baharia hukata kamba juu ya sitaha inayoyumba, na ncha ingemdunga yeye au mwenzake. Upande wa pili kina msumari mnene wa kufungulia mafundo. Baada ya hapo akawa kila bandari ananunua kimoja. Hamburg akapata cha Solingen, Marseille akapata Opinel namba 8, na kadhalika. Alipostaafu alikuwa na ishirini na nane, na kila kimoja ukikishika anakwambia alikipatia wapi, mvua ilikuwa inanyesha au la, na nani alimpunguzia bei. Chai inapoa mkononi hujui.

Mpaka hapo mimi sioni tatizo lolote. Ishirini na nane kwa miaka ishirini na zaidi ni mwendo wa mtu mzima. Lakini baada ya kustaafu akapata simu nzuri, akajua kununua vitu kwa intaneti. Baharini alikuwa ananunua kimoja, kisha kuna wiki za maji matupu mpaka bandari nyingine. Bahari yenyewe ilikuwa ikimzuia. Simu haina bahari. Katika muda wa miaka sita vile ishirini na nane vikawa mia moja arubaini na tatu.

Aliniita nimsaidie kuandika orodha. Tukaketi sakafuni siku mbili, mimi na daftari, yeye na masanduku. Nikaona mambo.

Kwanza, tulikuta visu vitatu vya namna moja, rangi moja, urefu mmoja, viwili bado vimo katika pakiti. Alinunua kitu ambacho alikuwa nacho, mara mbili, bila kujua. Pili, kila nikimwuliza habari ya kisu, vile vya bandarini alivieleza mpaka mwisho. Lakini vile vya baadaye, vingi alikuwa anakumbuka bei tu. "Hiki nilikipata rahisi." Nakuuliza mjomba, ni cha wapi? "Ngoja... hiki nilikipata rahisi sana." Hiyo ndiyo alama ya kwanza ninayoiamini mimi. Kisu ambacho hukumbuki chochote juu yake ila bei hakimo katika mkusanyiko. Kimo sandukuni tu.

Ya tatu ilikuwa kutu, na hapa niruhusuni nikae kidogo, maana ndipo penye hesabu.

Sisi tunaishi pwani. Hewa yetu ina unyevu na chumvi, na chuma hakipendi kimoja kati ya hivyo viwili. Kile kinachoitwa chuma kisichoshika kutu kimechanganywa na kromiamu, kiasi cha asilimia kumi na moja hivi au zaidi, na hata hicho kwa chumvi hushika madoa, hasa kwenye bawaba ambako maji hujificha. Chuma cha kawaida cha kaboni, ambacho wakusanyaji wengi hukipenda kwa sababu kinanoleka vizuri, hapa Mombasa ukikisahau mwezi mmoja kitakukumbusha. Watu wengine huhifadhi kisu ndani ya ala ya ngozi wakidhani wanakitunza. Ngozi inavuta unyevu na dawa zilizotumika kuitengenezea hula chuma, na shaba inageuka kijani. Ala ni ya kuchukulia, si ya kuhifadhia. Na kuna jambo wachache wanalijua: visu vya zamani vyenye mpini wa plastiki ile ya kale iitwayo seluloidi, inayong'aa mfano wa lulu au gamba la kasa, mpini huo ukizeeka unaoza wenyewe, unatoa mvuke wenye asidi, na mvuke huo unakula hata visu vya jirani katika sanduku lile lile. Mjomba alikuwa nacho kimoja. Tulikuta visu saba vilivyokizunguka vimeingia kutu, vya mbali vizima. Kisu cha namna hiyo kinatakiwa kikae peke yake, penye hewa.

Basi kisu kinataka kufunguliwa, kufutwa, kutiwa tone la mafuta kwenye bawaba, kupanguswa na kurudishwa. Mafuta ya cherehani yanafaa. Mafuta ya nazi hapana, jamani, yanachacha na yanashika vumbi, kisha bawaba inakuwa kama imetiwa gundi. Tulipima kwa saa, kisu cha bapa moja kinachukua dakika tano ukifanya bila haraka. Chenye vifaa kumi kinachukua zaidi, lakini tuseme tano. Zidisha kwa mia moja arubaini na tatu: dakika mia saba na kumi na tano, yaani karibu saa kumi na mbili. Na kwa hewa yetu, kila mwezi.

Nikamwuliza mjomba, una nafasi kiasi gani ya visu? Akafikiri akasema, Ijumaa baada ya alasiri, saa moja, bila kugombana na mtu. Ijumaa nne ni dakika mia mbili na arubaini. Gawa kwa tano. Arubaini na nane.

Hiyo ndiyo idadi yake. Haikutoka dukani wala kwangu. Imetoka katika saa zake mwenyewe. Kijana mwenye nafasi ya nusu saa kwa mwezi mzima, idadi yake ni sita. Anayeishi Nairobi kukavu kidogo, na visu vyake vyote havishiki kutu, anaweza kupaka kila miezi mitatu, idadi yake ikapanda mara tatu. Kila mtu atafute yake. Mimi naona kipimo hiki ni bora kuliko kusema kumi ni halali na ishirini ni nyingi, maneno yasiyo na mguu.

Kuna atakayesema, si unavipaka grisi tu, unavitia katika debe pamoja na vile vijifuko vya kukausha unyevu, unafunga, umemaliza? Inawezekana. Chuma kitasalimika. Lakini hapo umekuwa mwenye ghala. Makumbusho hufanya hivyo, na makumbusho yana wafanyakazi wanaolipwa mshahara.

Sasa la pesa. Mkusanyaji akiulizwa na mkewe kwa nini amenunua tena, husema hii ni akiba, siku moja nitauza kwa faida. Akikutana na ustadhi msimu kama huu, akaulizwa kama mali yake ina bidhaa ya biashara ya kutolewa zaka, husema hapana, hivi ni vyangu vya kutumia tu. Jamani, chagua moja. Kama nia yako ni biashara, basi ni bidhaa, viandike na uvihesabu kama muuza duka anavyohesabu. Kama ni vyako, usimwambie mkeo ni akiba. Na kama ni akiba, ni akiba mbaya. Kisu cha kiwandani kinachotengenezwa kwa wingi ukishakitoa dukani ni cha mtumba. Mjomba alipouza baadhi alipata chini ya nusu ya alichotoa, na vile vilivyoshika kutu havikutajwa bei kabisa.

Aliuza kwa sababu gani? Mwaka ule binti yake alikuwa amerudishwa nyumbani kwa karo ya muhula, na mjomba akisema mkono mtupu. Wala hakuwa akisema uongo. Hakuwa na pesa taslimu. Pesa zilikuwa zimekunjwa ndani ya mipini. Mkewe alilijua hilo na alinyamaza. Binti alilijua, naye akanyamaza. Tulipofikia kujumlisha safu ya bei katika lile daftari, mjomba aliichukua kalamu mkononi mwangu akajumlisha mwenyewe, mara mbili, kisha akaenda kuswali magharibi bila kusema neno.

Kesho yake tukaanza kupunguza. Akashika kimoja, hiki siwezi kukitoa. Kingine, hiki pia. Mpaka adhuhuri tulikuwa tumetoa vinne. Basi nikageuza suala. Nikamwambia, mjomba, tuseme masanduku yote yamezama baharini usiku huu, na umepewa pesa za kununua upya. Utarudi kununua vipi? Hapo hakusita. Akachagua thelathini na kimoja, upesi upesi, na ishirini na sita kati ya hivyo vilikuwa vile vya baharini. Nafasi kumi na saba za juu aliziacha wazi. Alisema anataka awe na mahali pa kutia kitu akikipenda kweli.

Vilivyobaki havikwenda jalalani. Vizuri vilivyo katika pakiti viliuzwa kwa wakusanyaji wenzake, karo ikalipwa. Vya kazi wakapewa wenye kazi: wavuvi wawili wa mtaani, fundi wa viatu, fundi umeme mmoja ambaye alikuwa akimenya nyaya kwa meno. Wazee walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Hawakusema mwenye visu vingi, na katika vile mia moja arubaini na tatu vilivyokuwa vikali havikupita kumi. Yule fundi wa viatu alikinoa chake siku ile ile.

Tahadhari mbili tatu kwa haraka, maana naona mwenyekiti anatazama saa. Kisu hakiingii nawe ndani ya ndege, kiweke katika mzigo wa chini, la sivyo utakiacha uwanjani. Kule Uingereza sheria ya mwaka 1988 inaruhusu kutembea na kisu kidogo cha kukunja ambacho makali yake hayazidi inchi tatu. Wenye kwenda kusoma huko mjue, na wajue kuwa bapa linalojifunga lisirudi halihesabiki humo. Mpini wa pembe ya ndovu usiuguse, hata ukiambiwa ni wa babu yake. Sheria yetu ya wanyamapori ya mwaka 2013 haina mchezo. Na visu vikae mbali na watoto, hilo halihitaji mhadhara.

Mwenye kuanza, aanze na daftari kabla ya kisu cha pili. Aandike kilipotoka, siku, bei, na sababu ya kukinunua. Sababu ikikosekana kwenye mstari, asubiri wiki mbili kabla hajatoa pesa. Nimeona mistari mingi ikibaki mitupu, na visu vikibaki dukani.

Na kwa wale walionipa maswali mapema juu ya visu vilivyokwama: usikitie koleo. Tia tone la mafuta kwenye bawaba, kiache kutwa nzima, kisha kifungue pole pole makali yakielekea mbali nawe. Kikikataa, njoo nacho kesho baada ya taraweh, nitakuwa hapo nje barazani na chupa ya mafuta. Lakini njoo na kimoja. Usije na sanduku.